Naombeni ushauri: usiku wa leo Galata na Beyoğlu, Istanbul

Msafiri_Kimya: Wakuu, salaam. Nimefikia Sultanahmet, kesho jioni naondoka. Leo nataka kuona Galata, kisha Beyoğlu usiku, nirudi kama saa nane. Nianzie wapi? Halafu kadi ya benki niiongezee kiwango cha matumizi ya siku, au niende na lira mkononi? Nina wasiwasi kidogo.

Ngazi_na_Mawe: Panda tramu ya T1 hapo hapo, vuka Daraja la Galata, shuka Karaköy. Kilima usikipande kwa miguu. Ingia Tünel, reli ya chini ya ardhi ya mwaka 1875, ya pili kwa ukongwe duniani baada ya ile ya London. Inakutoa mwanzo wa İstiklal, mtaa mkuu wa Beyoğlu. Ukiwa juu ndipo uteremke hadi mnara wa Galata, uliojengwa na Wagenoa wa Italia mwaka 1348. Mawe ya mteremko ule yakilowa yanateleza, soli ya ngozi iache hotelini. Istanbulkart, kadi ya usafiri wa mjini, moja inatosha tramu, Tünel na metro.

Mama_Ushauri: Mtu kalala jirani na Hagia Sophia, anawaza klabu. Haya.

Mzee_wa_Meze: Kula kwanza. Nevizade, uchochoro ulio nyuma ya Çiçek Pasajı, jengo la mikahawa pale İstiklal. Kwenye meyhane, mgahawa wa pombe na vitafunio, mhudumu huja na sinia la meze baridi, yaani visahani vya vitafunio, unaonyesha kwa kidole. Sahani mbili tatu zinamtosha mtu mmoja. Samaki huuzwa kwa uzito, kwa hiyo uliza bei kabla hajaingia jikoni. Rakı, pombe kali ya anisi, inatangulia, maji yanafuata, barafu mwisho. Barafu ikitangulia, mafuta ya anisi yanaganda na kuelea juu, ladha imeharibika.

Shika_Risiti: Wakuu, ngojeni. Meze na tramu hazimalizi kiwango cha kadi. Msafiri, kwa nini unataka kukiongeza? Unakwenda na nani?

Msafiri_Kimya: Asante kwa ya Tünel. Mimi nimeuliza habari ya njia na pesa tu.

Shika_Risiti: Hujajibu.

Msafiri_Kimya: Sawa. Jana pale bustani ya Sultanahmet kuna kaka aliniomba kiberiti, tukaongea. Mstaarabu sana, anasema ameishi hapa miaka tisa, na chai alilipa yeye. Tunakutana Taksim saa tano usiku, anipeleke klabu ya rafiki yake. Ndiye aliyeshauri habari ya kadi, eti mashine zao hukataa zenye kiwango kidogo. Kurudi nako kashapanga: metro ya Taksim inakesha. Nishamkubalia wakuu, kumwacha solemba si adabu.

Kicheko_Bure: Chai ya bure Istanbul hutoka kwa muuza mazulia. Huyu hana hata zulia.

Shika_Risiti: Mtego huu ni wa zamani pale Taksim. Kiberiti, mazungumzo, kisha baa iliyo chini ya ardhi au ghorofani. Mezani hakuna orodha ya bei. Wanakuja wadada kukaa, na vinywaji vyao ndivyo vinavyopandisha bili, si bia yako. Ukigoma, wanaume wawili wanakusindikiza hadi kwenye mashine ya pesa. Rafiki naye atajifanya analipa nusu, ili uone aibu. Na ukishaingiza namba ya siri, benki itasema umelipa kwa hiari; kurudishiwa ni shida.

Msafiri_Kimya: Lakini hajaniomba hata senti.

Mchunguzi_Huru: Uzi wa kutunga huu. M2, ndiyo hiyo metro ya Taksim, inakesha usiku wa Ijumaa, Jumamosi na wa kuamkia sikukuu za taifa peke yake. Leo Jumanne, saa sita usiku inafunga. Hakuna aliyeishi Istanbul miaka tisa asiyejua hilo. Mtunzi kajisahau.

Kicheko_Bure: Duh. Tumeliwa muda wetu.

Msafiri_Kimya: Sijatunga! Hayo ya metro kaniandikia yeye, ujumbe ninao.

Mzee_wa_Meze: Basi mtunzi ni yeye. Mchunguzi umemkamata mtu sahihi, ila si uliyemkusudia.

Ngazi_na_Mawe: Mjaribu. Mwandikie mkutane Nevizade saa mbili, mahali utakapochagua wewe, penye bei zilizobandikwa mlangoni.

Msafiri_Kimya: Nimemtumia. Anasema Nevizade kelele nyingi, na kwamba klabu wameshatuwekea meza, nikikataa atadaiwa yeye.

Shika_Risiti: Mzuie kwenye simu. Nenda Nevizade peke yako mapema. Kabla ya saa sita uwe kituo cha Şişhane, panda M2 ya kuelekea Yenikapı, shuka Vezneciler, fuata reli za tramu kwa miguu mpaka Sultanahmet. Mtu akikung'ang'ania, ingia dukani penye watu upige 112. Kiwango cha kadi kipunguze sasa hivi, kabla hujavaa viatu.

Mama_Ushauri: Na kiberiti kiache hotelini.