Darasa halitaki marudio ya hesabu, nifanyeje?

Chaki_Nyeupe: Walimu wenzangu habari zenu, darasa langu likisikia marudio linanuna kabisa, eti hayo tulishasoma, ila ukiwapa 3/4 gawanya kwa 1/2 nusu yao wanakwama. Nawafanyaje hawa?

MwlKipindi: Wape wafundishe wao. Mi kila mmoja nampa mada moja, siku 2 za kujiandaa, halafu anawafundisha wenzake watatu dakika 10 tu, aisee wanarudi kwenye daftari wenyewe maana hakuna anayetaka kuulizwa "kwa nini unageuza sehemu ya pili?" akabaki anakodoa macho.

Kipeo2: Nzuri hiyo, ila wakali wa hesabu watateka kipindi chote. Mi dhaifu ndo nampa mada, nyepesi kidogo, namsikiliza kwanza pembeni asije akafundisha makosa.

Chaki_Nyeupe: Na akikosea mbele za watu si ndo atachukia hesabu moja kwa moja?

MwlKipindi: Kosea wewe kwanza ubaoni, makusudi. Andika 7 toa -2 ni 5, jifanye huoni. Wakishamkamata mwalimu kuwa jibu ni 9 wanacheka weee, woga unapungua.

Chaki_Nyeupe: 😂 Jumatatu naanza na hiyo.