Dogo hamwamini Mungu ila kanizidi uaminifu, nimjibu nini?

Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu yuko chuo mwaka wa 2, likizo hii karudi anasema Mungu hayupo. Bi mkubwa analia tu, anataka aitwe mchungaji. Mimi nikamwambia dogo ukimtoa Mungu kipi kitakuzuia kuiba? Sa juzi ikaingia laki na themanini kwenye simu yangu, mtu kakosea namba, na kusema kweli nilishaanza kuipigia hesabu ya bati, dogo akanikazia macho mpaka nikairudisha. Halafu ananiuliza: jema ni jema kwa kuwa Mungu kaliamuru, au kaliamuru kwa kuwa ni jema? Siku ya 3 leo sina jibu, na kanisani kwaya naongoza mimi.

FUNDI NONDO: Kiri kwanza hizo bati ungenunua 😂

MWALIMU WA ZAMU: Swali sio lake hilo, ni la Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mwanafunzi wake Plato kaliandika kwenye kitabu cha Euthyphro, jina la mtu anayebishana na Socrates humo, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Huyo Euthyphro alikuwa anaenda kumshtaki baba yake mzazi kwa kifo cha kibarua, na anajiona miungu iko upande wake. Ukisema ni jema kwa kuwa kaamuru, basi angeamuru wizi ungekuwa mwema, ukichukua la pili wema upo hata bila amri. Wanateolojia wengi wanajibu wema ndo asili ya Mungu mwenyewe, hauko juu yake wala hajaubuni tu. Dogo hapo atauliza tena, jiandae.

BINTI CHUMBAGENI: Kwetu Waislamu walishabishana sana hilo, kundi la wanazuoni wa zamani waitwao Mu'tazila walisema akili inajua zuri na baya hata kabla ya wahyi (ufunuo wa Mungu), mwanazuoni al-Ash'ari alikuwa mwenzao akawaacha, upande wake ukasema zuri ni lile Mungu aliloamuru basi. Na wote walikuwa wanaswali, kwaiyo kuuliza sio kukufuru kaka.

MZEE KIPARA: Soma Warumi 2:14-15, wasio na torati wanatenda ya torati, imeandikwa mioyoni mwao. Dogo kurudisha hela haijavunja imani yako, wewe ulikosea kumwambia ataiba. Muulize hivi, hata asipokuona mtu, wizi unakuwa kosa kwa nini? Naye abebe mzigo kidogo.

MLETA UZI: Fundi ndio ningenunua. Mzee nimemuuliza, kajibu "ingekuwa wewe ndo umekosea namba?" Bi mkubwa kadakia toka jikoni, "hayo si ndo niliyowafundisha mimi, tena kutoka kwenye Biblia!" Wanabishana mpaka sasa, chai yenyewe haijaiva.