Nyaraka za Burke Marshall kuhusu haki za kiraia: nianzie wapi nikiwa Dar?

Mtafiti_Ubungo
Wakuu, salaam. Naandaa tasnifu ya uzamili kuhusu Burke Marshall, aliyeongoza Idara ya Haki za Kiraia katika Wizara ya Sheria ya Marekani tangu 1961. Nalenga makubaliano ya Birmingham, Alabama, ya Mei 1963, ya kupunguza ubaguzi wa rangi mjini humo. Nauli ya kwenda kule sina. Kipi kinasomeka kutoka hapa, na kipi ni cha kuomba?

Kabati_Upanga
Mkuu, tenganisha mambo mawili kwanza. Nyaraka zake binafsi ziko Maktaba ya John F. Kennedy, Boston. Majalada rasmi ya kesi yako Nyaraka za Taifa za Marekani, College Park, Maryland, kwenye kundi la kumbukumbu namba 60 (katika katalogi huandikwa RG 60). Boston utakuta yaliyopita mezani kwake: barua, madokezo, nakala za kaboni. Jambo lisipoonekana huko, usiandike kwamba idara haikulishughulikia. Huenda limo kwenye jalada la kesi, na hilo ndilo kosa linaloangusha tasnifu nyingi za aina hii.

Kinachounganisha pande hizo mbili ni namba ya jalada. Wizara ile ilizipanga namba zake kwa sehemu tatu: aina ya sheria, wilaya ya mahakama, halafu namba ya mfululizo. Haki za kiraia ni 144. Ukiona kwenye barua namba inayoanza na 144, inakili yote pamoja na vistari vyake. Ukiomba "mafaili ya Birmingham" utarudishiwa maswali tu. Ukitaja namba kamili, mtunza nyaraka ana pa kuanzia.

Dokezo_Kigamboni
Kabla ya masanduku, soma mahojiano. Marshall alihojiwa mwaka 1964, na Desemba mwaka huohuo alikaa pamoja na Robert Kennedy, mdogo wake Rais John F. Kennedy na aliyekuwa mkuu wa wizara ile, wakihojiwa na mwandishi wa habari Anthony Lewis. Tafuta maandishi yake kwenye tovuti ya maktaba, hayalipiwi. Yatumie kwa uangalifu: ni watu wanaomzungumzia Rais aliyeuawa Novemba 1963, majonzi yakiwa bado mabichi. Kila tarehe ilinganishe na barua ya siku ile.

Ukiandika barua pepe, taja mkusanyo, namba ya sanduku na jina la jalada kama yalivyo kwenye mwongozo wao. Ukitaka kupiga simu, saa tatu asubuhi ya Boston ni saa kumi na moja jioni kwetu, na wakati wa kiangazi chao ni saa kumi.

Mtafiti_Ubungo
Asanteni sana. Na ile sheria yao ya uhuru wa habari inamhusu Mtanzania?

Kabati_Upanga
Inamhusu. Ni ya 1966 na haiulizi uraia. Ila haigusi karatasi binafsi zilizotolewa zawadi kwa maktaba. Hizo hufuata mkataba wa mtoaji. Itumie kwa majalada ya 144 yaliyofungwa, na kwa ya FBI (shirika la upelelezi la Marekani), ambako uchunguzi wa haki za kiraia ulipewa namba 44. Tarajia kusubiri sana, na majina ya watoa taarifa yatakuwa yamefutwa kwa wino mweusi.

Halafu usiruke ile karatasi inayowekwa mahali pa waraka uliotolewa jaladani. Huonyesha tarehe, aina ya waraka na sababu ya kuuzuia. Nakili hayo neno kwa neno, maana ndiyo utakayoyataja ukiomba waraka huo upitiwe upya.