Kijana wangu anamaliza kitengo maalumu mwakani. Baada ya hapo anakwenda wapi?

MamaHaji (Tabata, Dar es Salaam)
Habari za jioni wapendwa. Nina kijana wa miaka 16 mwenye usonji, yuko kitengo maalumu cha shule ya msingi, na walimu wameshaniambia mwakani anatoka. Anaongea maneno machache, na kusoma hajavuka jina lake. Lakini kazi ya mikono akiielewa haruki hatua wala hachoki. Nyumbani ndiye anayepanga vyombo kabatini. Hamisha kikombe kimoja, atakirudisha mahali pake. Ndugu wananishauri nimpeleke kijijini kwa bibi yake akapumzike. Mtoto wa miaka 16 apumzike nini? Mliopita njia hii, mlianzia wapi?

Mwl. Tunu (Morogoro)
Mama Haji, pole na hongera. Nafundisha kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili. Usiungoje mwakani, huu mwaka uliobaki ndio mtaji wenu.

Kwetu wanaokaribia kutoka hawashindi darasani. Tuna banda la kuku. Msimamizi wa mayai ni kijana ambaye kuhesabu kwake kunaishia tano. Trei ina mashimo 30, kwa hiyo haina haja ya hesabu: shimo likiwa tupu, bado, yakijaa yote, anaipeleka stoo. Yai lenye ufa linakwenda kwenye bakuli jekundu. Kumfundisha tulianzia mwishoni. Mimi niliokota na kupanga mayai 29, yeye akaweka la mwisho na kubeba trei mwenyewe. Alivyofurahi! Baadaye nikamwachia mawili, kisha mstari mzima, hadi akawa anaanzia kwenye viota peke yake. Ukimwanzisha mwanzoni, anachoka kabla hajajua kazi inaishia wapi.

Sasa wako anapanga vyombo. Hiyo ni kazi tayari: kwa mama lishe, hotelini, stoo ya duka la jumla. Mtafutie inayofanana na hiyo. Inaniuma sana tunapowakalisha wote kwenye mikeka na cherehani kwa sababu tu ndivyo vilivyopo shuleni, kisha mtoto anatoka na ujuzi ambao mtaani kwao hauna mnunuzi.

Na pesa umfundishe kwa noti halisi. Asiyesoma namba anasoma rangi: elfu kumi nyekundu, elfu tano zambarau, elfu mbili kahawia, elfu moja bluu. Mtume dukani kitu kimoja, bei ileile, duka lilelile, na mwenye duka awe anajua.

BabaZuhura (Mombasa)
Shikamoo mwalimu. Huku Kenya mtaala wa umilisi una njia ya hatua kwa watoto kama wetu: msingi, kati, maandalizi ya ufundi, halafu ufundi wenyewe. Binti yangu alichukua upishi. Shuleni alikuwa anakaanga mahamri vizuri kabisa, kwa jiko la gesi. Nyumbani tunatumia makaa. Akasimama mbele ya jiko anatafuta kitasa cha kuwashia. Mamake ilibidi amfundishe upya, miezi na miezi, moto wa makaa ukoje ukikolea. Kwa hivyo dada, nenda shuleni uulize wanatumia vifaa gani. Watoto hawa wanajifunza kitu pamoja na mahali pake na chombo chake. Wakimfundisha, wamfundishe kwa kile atakachokikuta.

Mwoka_Mikate (Mwanza)
Naongea kama mwajiri. Nina tanuri dogo la mikate, na mmoja wa vijana wangu ana usonji. Mama yake alipokuja hakuniomba huruma. Alishinda nasi kutwa, akaniambia: mwanangu kelele za mashine ya kukandia zitamtoa mbio, ila kwenye kufungasha hutapata wa kumfikia. Ndivyo ilivyo. Juu ya meza yake nimebandika picha tatu: mfuko, mikate ndani, kibanio. Nikimwelekeza, namwambia jambo moja, nasubiri alimalize. Wazazi, tuambieni ukweli wote, hata anachokifanya akikasirika.

Halafu mshahara. Wapo wanaoniletea watoto "washinde tu hapo." Hapana. Anayefanya kazi analipwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Mimi sijafika 20, lakini wewe kawagongee milango waliofika.

MamaHaji
Mungu awabariki, nimesoma huku machozi yananitoka. Mwalimu, daladala ndiyo inaninyima usingizi. Na vitambulisho je?

Mwl. Tunu
Daladala nayo igawe vipande. Kwanza panda naye mkiwa mmekaa pamoja. Kisha kaa viti vya nyuma, umwache alipe nauli. Kisha mwache apande peke yake, wewe umsubiri kituoni. Magari ya Dar yana mistari ya rangi ubavuni, hiyo ndiyo alama yake, pamoja na kitu kikubwa asichoweza kukikosa karibu na kituo cha kushukia. Makonda wa njia hiyo wamjue. Mfungie shingoni kadi yenye namba yako ya simu.

Vitambulisho: cheti cha kuzaliwa kama hana, fuatilia RITA, wanaoandikisha vizazi, sasa hivi, ili akitimiza 18 aende NIDA kwa kitambulisho cha taifa bila kuzungushwa. Pia mwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kuhusu mikopo ya halmashauri isiyo na riba. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo hiyo, mbili ni za watu wenye ulemavu.

Jambo lingine wazazi hulikwepa, mama. Ana miaka 16, mwili umeshakuwa wa kiume. Afundishwe kufunga mlango akioga, nani anaruhusiwa kumgusa na nani haruhusiwi, na namna ya kukataa hata kama hana maneno: mkono mbele, kuondoka, kuja kwako. Bila hilo usimpeleke kazini popote.

Safari ya kwanza ya daladala fanyeni Jumapili asubuhi, magari yakiwa na nafasi.