Kupima juhudi za wachezaji mechini

Kocha, Kisumu: Wenzangu, timu yetu ya kandanda haina fulana za GPS, zile zenye kifaa kinachopima mbio za mchezaji kwa setilaiti. Nitapimaje ukali wa juhudi za mchezaji mechini?

Nakuru: Ndugu kocha, usitegemee jumla ya kilomita. Mchezaji wa kulipwa hukimbia takribani kilomita 10 hadi 12 kwa mechi, lakini kinachomchosha zaidi ni mbio kali, zile zinazozidi kilomita 19.8 kwa saa, pamoja na kuchomoka na kusimama ghafla. Katika raga, ambayo ndiyo yetu huku, migongano haionekani kabisa kwenye kilomita.

Kakamega: Nusu saa baada ya mechi, mwulize kila mmoja faraghani akadirie ugumu wa mechi kuanzia 0 hadi 10, kisha uzidishe kwa dakika alizocheza: 7 mara 90 ni 630, na hizo ndizo alama za juhudi zake. Mbinu hii ya Carl Foster, mtaalamu wa sayansi ya mazoezi, haigharimu chochote.

Kocha, Kisumu: Ahsante, mwalimu. Nitaanza Jumamosi.