Mafundi mnaounga pikipiki za matairi matatu: breki si mapambo!

Wakuu, mtanisamehe lugha ikiwa kali. Wiki tatu nimenyamaza nikijisemea yaishe, lakini jana nimetumiwa video ya kijana mwingine kaungiwa matairi mawili nyuma ya pikipiki, watu wanapiga makofi, fundi anajigamba "siku mbili tu, kazi imeisha". Siku mbili! Kabati la vyombo tu fundi seremala anakuzungusha wiki mbili, na kabati haliendi barabarani.

Kisa changu hiki hapa. Nimeendesha bodaboda Dar miaka 9. Ajali ikaondoka na mguu wangu wa kulia, kuanzia chini ya goti. Sasa natembelea mguu wa bandia. Pikipiki yangu, Boksa ya 150, ikakaa chini ya turubai karibu mwaka mzima, kila anayepita anauliza bei. Nikagoma kuuza. Nikasema naifanya ya matairi matatu, nisambaze mayai madukani, maisha yaendelee. Nikatafuta ekseli iliyotumika ya guta (pikipiki ya mizigo ya matairi matatu), ile yenye difu inayovutwa na cheni, yaani gia inayoruhusu matairi mawili ya nyuma yapishane mwendo kwenye kona, ngoma za breki zipo pande zote mbili. Fundi nilielekezwa na mtu. Jina lake sitaji, wala mtaa, kwa hiyo msije inbox kuniuliza. Vifaa nilinunua mimi, yeye nikampa laki sita ya mkono wake.

Nilimpa masharti mawili tu, tena mbele ya shemeji yangu. Breki za nyuma zishike kulia na kushoto sawasawa. Na pedali ya breki iwe pana, yenye ukingo, kwa sababu mguu wa bandia unakanyaga lakini hauhisi. Wewe mwenye nyayo zako mbili ukiteleza kwenye pedali unajua papo hapo. Mimi najua pale chombo kinapokataa kusimama. Akanijibu, "Kaka, hiyo ndogo sana, ondoa shaka."

Siku ya kwanza ya kazi nimebeba trei 40. Nashuka mteremko maeneo ya Kimara, mbele kuna kona ya kulia, mwendo wa kawaida kabisa. Nakanyaga breki, chombo kikavutwa kushoto kama mbuzi wa kamba. Mikono yangu nayo ikanisaliti. Hili niliseme polepole maana waendesha boda wengi hapa hawalijui ingawa wanalifanya kila siku. Kwenye matairi mawili, ukiwa na mwendo na unataka kwenda kulia, unausukuma kidogo mkono wa kulia mbele, pikipiki inalala kulia, inakata kona. Mwili unafanya wenyewe, hufikirii. Chombo cha matairi matatu hakilali. Ukisukuma mkono wa kulia mbele, tairi la mbele linaelekea kushoto, na wewe unaelekea kushoto. Miaka 9 ya boda ilinituma kusukuma, nikasukuma, nikaingia mtaroni.

Mama mmoja wa chapati akaja mbio. "Pole baba, mayai yatapatikana mengine, wewe mzima?" Mzima, mama. Trei zilizopona 6. Ute ulimwagikia ekzosi, mtaa mzima ukanukia mayai ya kukaanga, watoto wakacheka, na mimi nikicheka huku machozi yananitoka.

Kosa la mikono ni langu, nalibeba. Nilipaswa kujifunza upya kwenye uwanja mtupu kabla ya kupakia hata trei moja. Lakini nilipompigia fundi kuhusu breki, sikilizeni jibu: "Utaizoea tu kaka, ya matairi matatu ndivyo zilivyo."

Nizoee nini? Nizoee mtaro?

Nikaisukuma nyumbani. Jirani yangu ni mzee aliyestaafu kwenye karakana, mtu wa maneno machache. Tukainua nyuma, tukaweka stendi za chuma (mawe na matofali msijaribu, tofali linapasuka bila kupiga hodi), mzee akaniambia nikanyage pedali nusu na nishikilie. Akazungusha gurudumu la kushoto, gumu. Akazungusha la kulia, linazunguka kama feni. Akafuata waya kwa kidole mpaka mwisho. Waya wa ngoma ya kulia haukufungwa popote! Umekunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya plastiki chini ya bodi, usionekane. Hajasahau huyo. Amekata tamaa na kazi, akaficha.

Tukaendelea kufungua, kila boliti na msiba wake. Mzee akachukua futi ya utepe, akapima kutoka boliti ya mbele ya uma wa nyuma (mikono ya chuma inayoshika ekseli) hadi katikati ya gurudumu, kila upande. Kulia sentimita 71, kushoto 68 na nusu. Yaani ekseli imekaa upogo, chombo kinatembea kama kaa, na cheni inakula upande mmoja meno ya sproketi, lile gurudumu la meno linalobeba cheni. Kipimo cha dakika moja, cha utepe wa buku tatu. Chuma alichounganishia ekseli ni bomba la maji. Na uchomeleaji wake, mzee aliutazama akasema "kuku amepita hapa". Umekaa juu juu, haukuingia kwenye chuma. Tukagonga kwa nyundo, kipande kikadondoka mkononi.

Halafu mtu huyu huyu aliyeshindwa kufunga waya mmoja wa breki alipata muda wa kuniongezea "nguvu" ambayo sikuiomba. Jeti kubwa ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli, kaipanua kwa drili. Plagi tulipoitoa ni nyeusi kama chungu cha kuni: mafuta mengi, hewa kidogo. Sproketi ya mbele yenye meno 14 katoa, kaweka ya 15, ya nyuma ikabaki 42. Mtu anayeelewa hesabu ya darasa la saba aniambie: chombo kimeongezewa uzito, kinabeba mzigo, unakifanyia gia ndefu zaidi, ya mbio nyingi na nguvu kidogo, ili iweje? Injini ya kupozwa kwa upepo, inapanda mlima taratibu, inakoroma, upepo wenyewe haupo. Hiyo ni kuichemsha.

Kwa hiyo tumeirudia wenyewe, uani, kwa siku 11. Nawaeleza tulivyofanya kwa sababu najua kuna watu wataunga tu hata tukisema wasiunge.

Fremu kwanza. Bomba la maji tukatupa, tukanunua mraba wa chuma kizito, na kuchomelea tukampa mtu anayejua, sisi tukabaki na kupima. Tanki la petroli tulilitoa likakaa mbali kabisa na uani. Msidanganyike kwamba tanki tupu ni salama, mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Betri ikachomolewa, CDI (kile kiboksi cha umeme wa plagi) ikachomolewa. Mtungi wa gesi wa jikoni ukahamia kwa jirani. Ndoo ya mchanga pembeni.

Breki ndiyo iliyokula siku nyingi. Mzee alitengeneza kipande cha chuma kinachocheza katikati, mfano wa mizani ya dukani. Waya wa pedali unavuta katikati ya mizani, ncha mbili zinavuta ngoma ya kulia na ya kushoto. Upande mmoja ukilegea, mizani inainama na kuufuata, basi nguvu inagawanyika sawa. Kinachouma ni kwamba ni kipande cha chuma cha urefu wa kiganja! Pedali tumeipanua, ina ukingo kushoto na kulia, kiatu changu hakichomoki. Tukakaza nati za ngoma mpaka kila gurudumu linakwaruza kidogo, tukarudisha nyuma kiasi kile kile. Kisha tukaenda kwenye uwanja wa mchanga, bila mzigo, mwendo wa mtu anayekimbia, nakanyaga, tunashuka kupima alama za tairi. Mara ya kwanza ya kushoto ilikuwa ndefu kuliko ya kulia kwa hatua nzima. Tumerudia mara saba. Tumeweka pia breki ya mkono yenye meno, maana kuegesha mlimani kwa kutegemea gia ni kumuachia Mungu kazi isiyo yake.

Wale wanaosema breki ya mbele inatosha, msiniletee. Uzito mwingi uko nyuma, juu ya matairi mawili. Ukilibana tairi moja la mbele peke yake kwenye mchanga au lami yenye maji, linateleza, na tairi linaloteleza halikati kona.

Mzigo nao. Kreti la fundi lilikuwa juu, usawa wa mabega yangu. Tumelishusha, limekaa karibu na ekseli, kwa mbele kidogo. Likikaa nyuma ya ekseli, mlimani usukani unakuwa mwepesi, tairi la mbele linataka kuaga. Likisogea mno kwangu, chombo kinapinduka kirahisi kwenye kona, kwa sababu kuelekea mbele kina tairi moja tu la kukishikilia. Taa na waya hazikutusumbua.

Injini ndiyo ya mwisho, na ilichukua asubuhi moja. Jeti mpya ya namba ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Sproketi ya mbele tumeweka meno 13. Sasa inapanda Goba na trei 30 bila kulia. Tuliiwasha chini ya mwembe, nje, maana kwenye moshi wa ekzosi kuna gesi inayoua mtu chumbani bila hata kunuka. Ikapata moto, tukaseti sailensa (mngurumo wa injini ukiwa hujavuta mafuta) na skrubu ya hewa, nikazunguka nayo na mzigo, tukatoa plagi. Rangi ya kahawia. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza ndani ya siku 11.

Haina rivasi. Narudi nyuma kwa kusukuma na mguu mmoja, watu wananishangaa, sawa tu.

Kuna mkuu kauliza hapo chini kama nimeshaenda kwa askari wa ukaguzi. Nakwenda Jumatatu, maana kadi bado inasomeka matairi mawili, na wa bima nilipomuuliza alinitazama kama nimemletea punda. Mwingine ananiambia nimsamehe fundi kwa kuwa "vijana wanatafuta riziki". Na mimi natafuta nini? Angekuja akaniambia "kaka, breki ya kulia imenishinda", ningemlipa na kumshukuru, ningetafuta mwingine. Waya alioukunja na kuufunga ndio sitausahau.

Halafu jana usiku fundi huyo kanitumia ujumbe. Kasikia naandika huku. Nanukuu herufi kwa herufi: "kaka ilete nikurekebishie breki utanipa ya soda".