Kozi ya informatiki ya afya hapa Moshi: tuwafundishe nini kwanza?

Mwalimu_Pasua

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kompyuta kwenye chuo kimoja cha kati hapa Moshi. Mambo ya hospitali siyajui, nisiwadanganye. Mkuu wa taaluma kanitwisha mzigo: niandae kozi fupi ya informatiki ya afya, yaani kutumia kompyuta kutunza na kuchakata taarifa za wagonjwa, saa 120, ianze Julai. Darasa ni mchanganyiko. Nusu ni wauguzi na matabibu walioko kazini, nusu ni vijana wa diploma ya kompyuta ambao wodini wanaingia saa ya kuona wagonjwa tu, na chupa ya uji mkononi.

Nimesoma mapendekezo ya IMIA, chama cha kimataifa cha informatiki ya tiba, yaliyotoka mara ya kwanza 2000 na kupitiwa upya 2010. Yanataka mafungu matatu: informatiki yenyewe, tiba na uendeshaji wa huduma za afya, halafu kompyuta, hisabati na takwimu. Sawa, lakini ukivigawanya vyote kwa saa 120 kila kitu kinakuwa cha kuonja. Rasimu yangu: saa 40 hifadhidata, 30 kuandika programu, 20 takwimu, 20 mitandao na usalama, 10 utangulizi wa mfumo wa afya.

Mnaoletewa wahitimu, semeni. Kijana akikosa kitu gani mtamrudisha?

Njiro_Kodi

Mkuu, rasimu iko vizuri. Ongeza FHIR ya HL7, kiwango cha kufanya mifumo ya hospitali ibadilishane taarifa, maana mifumo isiyoongea ndiyo maumivu yetu ya kila siku: maabara ina wake, bima ina wake, dawa zina wake. Na uwaoneshe OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa. Ilianza 2004, na Eldoret, Kenya hapo jirani, ni kati ya sehemu za kwanza kuitumia, kwa hiyo si kitu cha mbali. Hayo ya mfumo wa afya watayakuta kazini.

MamaRejista

Mwalimu, marahaba, kama ulikusudia kusalimia. Huu ni mwaka wangu wa 19 kwenye chumba cha mafaili, hospitali sitaitaja. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo nimepokea mpaka nimeacha kuhesabu. Hizo saa 10 ulizozitupa mkiani mimi ningezianza nazo, na ningezifanya 40.

Mwaka juzi tulikuwa tunahamia mfumo mpya. Wakaletwa vijana wawili waingize rejista ya watoto kwenye Excel kabla haijahamishwa. Wanachapa, vidole kama mvua ya Aprili. Jioni nikapita kuangalia safu ya umri nikakuta 02-Dec, 05-Dec, 03-Jul. Nikauliza hii nini? "Mama, kompyuta imebadilisha yenyewe." Wauguzi wetu mtoto wa miezi miwili wanamwandika 2/12, wa siku tatu 3/7, wa wiki mbili 2/52. Ndivyo walivyofundishwa. Kijana hakujua, na mashine haikujua, basi miezi miwili ikageuka Desemba. Yule wa wiki mbili ndiye aliyenimaliza: alisomeka Februari 1952. Kichanga kapewa umri wa bibi yake!

Msicheke. Kwenye kitabu cha 5 cha MTUHA, mfumo wa taifa wa taarifa za afya, umri una mafungu yake: chini ya mwezi 1, kisha hadi chini ya mwaka 1, kisha hadi chini ya miaka 5, inaendelea hivyo mpaka 60 na zaidi. Kichanga mwenye homa akihamia fungu la wazee, wilayani wataona wazee wanaugua na vichanga wazima. Kurudia zile kurasa kulituchukua siku nne, na hakuna aliyetulipa hata soda.

Halafu majina. Kijana wa kompyuta anaamini jina ni kitu kimoja. Aje hapa dirishani asubuhi ya Jumatatu aite "Mushi" aone watasimama wangapi. Tulikuwa na mama mmoja anatokea Kiboriloni, ana mafaili matatu. La kwanza Agnes na ukoo wa baba yake. La pili Manka, jina la nyumbani, alipoletwa na shemeji yake anazidiwa. La tatu Mama Eliya, na ukoo wa mume. Kwenye faili la kwanza kuna maandishi mekundu: penisilini inamdhuru. Mengine mawili hayana kitu. Siku hiyo faili lililopanda wodini ni la tatu. Kilichomwokoa si mfumo, ni muuguzi mwenye tabia ya kuuliza kabla ya kuchoma. Siku hizi tunaomba namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ile yenye tarakimu 20, inasaidia sana. Ila aliyezidiwa hakumbuki namba, na mtoto hana.

Kwa hiyo wiki ya kwanza, Mwalimu, funga maabara ya kompyuta. Kila mwanafunzi apewe mgonjwa mmoja, kwa ridhaa yake, amfuate kuanzia dirishani hadi dirisha la dawa, ahesabu jina lake limeandikwa mara ngapi na nani. Mmoja wangu alihesabu mara kumi na moja, na mara mbili kati ya hizo limekosewa. Yule hakuhitaji mhadhara. Mwisho wa mwezi mwalike akae nasi tukipiga vijiti vinne na cha tano kulala, tunahesabu malaria, tunahesabu kuhara, ripoti ifike wilayani kabla ya tarehe 7. Akishayaona hayo ndipo umfungulie DHIS2, mfumo wa kompyuta unaokusanya ripoti hizo. Wengi wanadhani ilishuka kutoka wizarani. Mizizi yake ni Afrika Kusini baada ya ubaguzi kuondoka, ikakuzwa Chuo Kikuu cha Oslo, kwetu ikaenea nchi nzima 2013. Lakini tarakimu inayoonekana pale haijazaliwa Oslo wala Dodoma. Imezaliwa kwenye kijiti changu, saa kumi na moja jioni, macho yanauma.

Muuguzi_Sakina

Shikamoo mama. Mimi niko Arusha, wodi ya wazazi. Mwalimu, wafundishe vipimo vya maabara. Si kuvipima, kuvisoma. Tuliletewa mashine mpya ya sukari inayosoma kwa miligramu, wakati mfumo wetu umepangwa kwa milimoli. Mgonjwa ana 110, mtu wa zamu ya usiku nusura azimie. Kumbe 110 gawanya kwa 18 ni kama 6.1 ya milimoli. Aliyeweka kile kisanduku cha matokeo hakuweka kizio pembeni yake, kaacha namba tupu. Nilipomuuliza akasema hakuna aliyemwambia. Na yeye hakuuliza!

Kingine ni siri za wagonjwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, lakini neno la siri la kompyuta yetu limebandikwa kwa plasta chini ya skrini. Usimwambie mwanafunzi "usibandike" ukaishia hapo. Mwambie akae zamu moja aone kwa nini limebandikwa: mfumo unakutoa kila dakika tano, na glavu zina damu.

Njiro_Kodi

Shikamoo mama, nilikurupuka. Hiyo ya 2/52 imeniuma maana nimewahi kuifanya, sitasema wapi. Ila nitetee hoja moja. Kujua tatizo bila kujua hifadhidata kunatupa kijana anayelalamika vizuri tu. Kile kisanduku cha sukari lazima pawe na mtu wa kukirekebisha. Mwalimu asiguse saa 40 za hifadhidata, akate za kuandika programu. Saa 30 hazimtoi mtu mwandishi wa programu hata hivyo.

MamaRejista

Marahaba wanangu. Hapo kwa hifadhidata sibishi. Na awafundishe ICD-10, misimbo ya kimataifa ya magonjwa, kwa mkono kabla ya kuwapa menyu ya kuchagua. Shinikizo la damu ni I10, herufi I. Kujifungua kawaida ni O80, herufi O. Nimeona fomu za bima zina 110 na 080, zimerudishwa furushi zima, na mhasibu anatafuta wa kumfokea.

Mwalimu_Pasua

Shikamoo mama, na nisamehe ile ya kwanza. Nimekaa na rasimu usiku huu. Hifadhidata zinabaki 40. Kuandika programu naziua zote 30, nazipeleka kwenye mfumo wa afya, ziungane na zile 10 ziwe 40, na wiki ya kwanza yote ni hospitali. Takwimu 20, humo nitaingiza na hesabu ya chanjo: kata ikileta asilimia 112, watafute wenyewe kama ni makadirio ya sensa tunayogawia ndiyo madogo mno, au ni akina mama wa kata jirani waliovuka barabara. Usalama 20, nusu yake zamu ya usiku na dada Sakina akikubali.

Mkuu wa taaluma atauliza kwa nini kozi ya kompyuta inaanza bila kompyuta. Nitamsomea ya bibi wa wiki mbili. Mama, ukipewa barua ya chuo utapokea wangapi kwa mara moja?

MamaRejista

Wanne, si zaidi, chumba ni chembamba na rafu moja imeegemea ukuta kwa imani. Barua iandikwe kwa mganga mfawidhi, isiandikwe kwangu. Kila mmoja asaini kiapo cha siri kabla hajagusa faili, na simu zitabaki kwenye droo yangu. Waje na kalamu ya bluu. Na masweta, Julai kule ndani jua haliingii.

Muuguzi_Sakina

Mimi wawili. Waje wameshakula.